Ni Nani Aliyeruhusiwa Kuyagusa Maji Yetu?

Mazungumzo yaliyotolewa Mulago, Kampala, mbele ya wawakilishi wa jamii za mpakani



Tumekutana Mulago. Kilima hiki kinajulikana kwa jina katika kaya nyingi za mpakani, hata zile ambazo hakuna aliyewahi kukikanyaga. Hospitali ilianzishwa hapa mwaka 1913, na mpaka leo rufaa za mbali huishia hapa. Mgonjwa wa mbali hapandishwi kilima hiki ila baada ya uwezo wa kituo cha karibu kufika kikomo. Kwa hiyo hapa ni mahali panapofaa kuzungumzia jambo linaloweza kuzuiwa kule kule nyumbani, kabla halijapakiwa katika gari la wagonjwa. Jambo hilo ni maji yaliyochimbwa, kuchujwa au kutiwa dawa na mtu asiye na ruhusa ya kufanya kazi hiyo.

Huenda mmoja wenu akajiuliza: polisi wameingiaje katika habari za visima na machujio? Tunaingia pale fedha za kamati zinapopotea, pale cheti kinapoghushiwa, na pale watu wanapougua baada ya kuahidiwa maji salama. Tungependa kuingia mapema zaidi, kwa ushauri, kuliko kuingia baadaye na daftari la maelezo.

Neno langu la leo ni moja. Jicho haliwezi kuyapima maji. Kwa hiyo kila anayeyagusa maji ya umma hana budi kuwa mtu anayeweza kuulizwa. Leseni, kibali na alama ya ubora ni njia ya sheria ya kumfahamu mtu huyo, ili akiharibu asiyeyuke kama ukungu wa asubuhi.

Jicho halipimi maji

Maji yanayong'aa yaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo. Maji yasiyo na ladha yoyote mbaya yaweza kuwa na floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa ya watoto, kama wanavyojua wakaaji wa baadhi ya maeneo ya Bonde la Ufa, Arusha ikiwa mfano unaotajwa mara nyingi. Kwa upande mwingine, maji yenye rangi ya kutu, ambayo mama huyakataa kwa sababu yanachafua nguo nyeupe, mara nyingi hayana madhara makubwa kama yale masafi asiyoyashuku.

Hapo ndipo mlango wa udanganyifu hufunguka. Mtu huja na tangi la rangi ya buluu, mabomba na mashine yenye taa, akasema, "Hii husafisha maji yote." Ndugu zangu, hakuna dawa moja inayoponya kila ugonjwa, na mashine za maji ni vivyo hivyo. Mashine inayoyalainisha maji magumu kwa chumvi huondoa chokaa inayoziba birika na bomba, lakini haiui vijidudu. Chujio la kuondoa chuma halipunguzi floraidi. Taa ya miali ya urujuanimno huua vijidudu, lakini hushindwa maji yakiwa na tope, huzimika umeme ukikatika, na haiachi kinga yoyote ndani ya tangi. Klorini huacha kinga hiyo, ila inataka kipimo na muda; Shirika la Afya Duniani linapendekeza ibaki angalau miligramu 0.5 katika lita moja baada ya dakika 30 za kuchanganyika na maji. Ikizidi, watu huyakataa maji. Ikipungua, watu huyanywa pamoja na ugonjwa.

Fundi wa kweli huanza kwa kuuliza maji yana tatizo gani, akayapima, kisha akachagua chombo. Fundi wa uongo huanza na chombo alicho nacho, kisha akatafuta mnunuzi.

Somo la mwaka 2015

Mfano wa karibu uko hapa hapa Kampala. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2015, mji huu ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa homa ya matumbo. Walioshukiwa kuugua walizidi 10,000. Wachunguzi wa afya walipowahoji wagonjwa na kuwalinganisha na watu wazima wa afya, waligundua kwamba maji yaliyouzwa katika mifuko midogo ya plastiki, yale tunayoyaita maji ya kaveera, yalihusishwa na ugonjwa, pamoja na vinywaji vya matunda vilivyouzwa mitaani. Maji yaliyotumika kutengenezea vitu hivyo yalikutwa na uchafu wa kinyesi.

Angalieni jinsi mambo yalivyokwenda. Mnunuzi aliona maji baridi, masafi, yaliyofungwa vizuri. Kufungwa kule ndiko kulikompa imani. Lakini mfuko uliofungwa si ushahidi kwamba maji yametibiwa. Ni ushahidi tu kwamba mtu ana mashine ya kufungia. Alichokosa mnunuzi ni jina la mtu wa kuulizwa. Mfuko usio na jina la mtengenezaji wala alama ya ubora ukishachanwa na kutupwa mtaroni, kesi nayo imetupwa.

Pale kosa dogo linapoua

Yako mahali ambapo utibu wa maji ni suala la uhai kwa saa, na mojawapo ni katika kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, huduma ambayo katika sekta ya umma hapa kwetu inajulikana hasa katika Hospitali ya Kiruddu. Mtu mzima hunywa lita mbili hivi kwa siku. Mgonjwa aliyeunganishwa na mashine ya kusafisha damu hukutana na lita zipatazo 120 katika kikao kimoja, na kati ya maji hayo na damu yake kuna utando mwembamba tu. Hata klorini inayotulinda sisi tunaokunywa ni lazima iondolewe kabla maji hayajafika kwake.

Mwaka 1996 dunia ilipata masomo mawili machungu. Katika mji wa Caruaru nchini Brazili, kliniki ya figo ilitumia maji yaliyoletwa kwa lori bila kutibiwa ipasavyo. Maji yale yalikuwa na sumu itokayo katika mwani, na wagonjwa zaidi ya 50 wakafa. Mwaka huo huo, katika kisiwa cha Curaçao, bomba jipya lililopakwa saruji kwa ndani liliachia aluminiamu katika maji ya kituo cha kusafisha damu, na wagonjwa 10 wakapoteza maisha. Bomba lile halikuwa bovu kwa macho. Lilikuwa jipya.

Nimevileta visa hivi vya mbali kwa sababu lori la maji tunalijua, na bomba jipya tunalishangilia. Katika vituo vyetu vya afya vya mpakani, katika shule za bweni, na katika viwanda vidogo vya maji ya chupa, kosa la aina hii halihitaji nia mbaya. Linahitaji tu mtu mmoja asiyejua, na mwingine asiyeuliza.

Kibali gani hutolewa na nani

Hapa nchini Uganda msitarajie kuikuta karatasi moja inayotosha kwa kazi zote za maji. Kila kazi ina mlango wake.

Uchimbaji wa visima virefu kwa mtambo unasimamiwa chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 1995 na Kanuni za Rasilimali za Maji za mwaka 1998. Mchimbaji hupewa kibali na Kurugenzi ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji katika Wizara ya Maji na Mazingira. Kibali hicho kina muda wake, kwa hiyo cha mwaka uliopita hakiwezi kumlinda mtu mwaka huu. Pampu ya mota inayovuta maji kisimani au mtoni nayo huhitaji kibali. Mama anayechota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kuomba ruhusa hiyo, wala mtu asije akamtoza kwa jina la serikali.

Katika miji inayohudumiwa na Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, bomba kuu na mita ni mali ya shirika. Fundi wa mtaani anayeahidi kukuunganishia maji usiku kwa bei nafuu hakupunguzii gharama. Anakuingiza katika wizi wa maji, na mahali alipotoboa bomba panaweza kuwa mlango wa uchafu kwa mtaa mzima.

Maji ya chupa na ya mifuko yanahusu Shirika la Viwango la Uganda. Kanuni za mwaka 2018 zinataka bidhaa zilizo chini ya viwango vya lazima ziwe na alama ya ubora ya shirika hilo kabla ya kuuzwa. Na mhandisi anayejitambulisha kwa cheo hicho katika mradi wenu anapaswa kuwa ameandikishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Tena kuna karatasi ambazo wananchi huzidhania kuwa ni leseni ya ufundi, kumbe sivyo. Cheti cha kuandikisha kampuni kinathibitisha kwamba kampuni ipo. Leseni ya biashara ya halmashauri inathibitisha kwamba mtu ameruhusiwa kufungua duka au ofisi mahali fulani. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kwamba mtu huyu anajua kuchimba, kuchuja au kutia dawa. Mtu akikuonyesha karatasi tatu zenye mihuri, usihesabu mihuri. Soma kila moja inaruhusu kazi gani.

Kinachovuka mpaka na kisichovuka

Ninyi mnaishi mahali ambapo fundi aliye karibu zaidi mara nyingi ni wa upande wa pili. Mkwe yuko kule, soko liko kule, na lugha ni hii hii moja. Kwa hiyo naomba mshike tofauti ifuatayo.

Alama ya ubora ya bidhaa huvuka mpaka. Chini ya sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006, bidhaa iliyothibitishwa na shirika la viwango la nchi mwanachama hutambuliwa na nchi nyingine za Jumuiya. Maji ya kunywa nayo yana viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki. Katoni ya maji yenye alama halali ya Kenya au Tanzania haigeuki kuwa haramu kwa kufika Busia au Mutukula, ilimradi imepita forodhani kwa utaratibu.

Kibali cha kazi hakivuki hivyo. Mkandarasi aliyeandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi ya Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2011, ameandikishwa kwa kazi za Kenya. Aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi ya Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 1997, amesajiliwa kwa kazi za Tanzania. Akitaka kuchimba kisima upande wa Uganda, ni lazima apate kibali cha Uganda. Na mchimbaji wetu akivuka, naye ajibu kwa mamlaka za kule. Hata wahandisi, ambao nchi hizi tatu zilitia saini mkataba wa kutambuana mwaka 2012, hujiandikisha kwanza katika bodi ya nchi wanakokwenda kufanya kazi.

Sababu yake si chuki kwa jirani. Maji ya chini ya ardhi hayana pasipoti. Kisima kilichochimbwa vibaya upande mmoja chaweza kuharibu maji ya upande wa pili. Lakini mamlaka ya kumwita mtu, kukagua kazi yake na kumfutia kibali huishia penye kizuizi cha barabara. Mkimpa kazi mtu ambaye mamlaka ya kwenu haimjui, mmempa kazi mtu ambaye hamna pa kumshtakia kwa urahisi.

Maswali matano kabla ya kutoa fedha

Katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, kazi ya kutengeneza na kulainisha maji ina leseni yake peke yake. Mtu hufanya mtihani, na mkandarasi huweka dhamana na kuwa na bima, ili akiharibu pawepo na fungu la kumfidia mteja. Sisi tunaweza kuichukua busara hiyo na kuiandika katika mikataba yetu midogo. Kamati ya maji, shule au kanisa liulize maswali haya.

La kwanza: kibali chako ni cha kazi gani, kimetolewa na nani, na kinaisha lini? Andikeni namba yake, kisha muulizeni aliyekitoa kama anakitambua. Ofisi ya maji ya wilaya ni mahali pa kuanzia.

La pili: maji haya yamepimwa na maabara gani, na tatizo lake ni lipi? Kutoka hapa Mulago hadi Maabara ya Uchunguzi ya Serikali iliyoko Wandegeya si mbali. Kwa walio mpakani, ofisi ya maji ya wilaya itawaelekeza. Sampuli ya kutafuta vijidudu ichukuliwe katika chupa safi iliyotakaswa, ihifadhiwe penye baridi, ifike maabara siku hiyo hiyo.

La tatu: chombo chako kinaondoa nini, na hakiondoi nini? Anayekosa jibu la sehemu ya pili hajui sehemu ya kwanza.

La nne: nani atabadilisha chujio na kuongeza dawa ukishaondoka, kwa gharama gani, na kila baada ya muda gani? Chujio lililochoka huweza kuwa nyumba ya vijidudu.

La tano: je, unakubali sehemu ya malipo ibaki mikononi mwetu mpaka maji yapimwe tena na kuonekana salama? Hiyo ndiyo dhamana yetu. Fundi mwenye uhakika na kazi yake hataiogopa.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mkataba uwe wa maandishi, risiti iwe na jina, na malipo ya simu yaende kwa namba iliyosajiliwa kwa jina lile lile lililo katika mkataba.

Polisi wanafanya nini, na hawafanyi nini

Polisi hawatoi leseni za maji, wala hawakusanyi madeni. Fundi aliyechelewa kumaliza kazi, au aliyefanya kazi hafifu kwa nia njema, mara nyingi hilo ni shauri la madai, na njia yake ni mazungumzo, usuluhishi au mahakama ya madai.

Lakini mtu akijifanya ana kibali asichokuwa nacho ili mumpe fedha, huko ni kujipatia mali kwa udanganyifu. Akitengeneza cheti cha bandia, huko ni kughushi. Na anayechafua kwa makusudi maji ya chemchemi au hifadhi ya umma ametenda kosa ambalo sheria yetu ya makosa ya jinai imelitaja waziwazi. Mambo hayo yaleteni kituoni. Kutoa maelezo hakulipiwi, wala dhamana ya polisi hailipiwi. Kwa dharura, namba ni 999 au 112.

Mkija, njooni na mkataba, risiti, kumbukumbu za malipo ya simu na picha ya cheti mlichoonyeshwa. Funga kisima au bomba lisitumike, lakini usilifungue wala kulitengeneza kabla halijakaguliwa. Kama watu wameugua, waelekezeni kituo cha afya kwanza. Kesi inaweza kusubiri saa moja, lakini mtoto anayeharisha hawezi. Na tafadhalini, msimkamate fundi na kumpiga. Aliyepigwa hawezi kutuambia ni wapi kwingine alikofunga mashine zake, na huko kwingine bado wanakunywa.

Jambo moja tu nawaombea. Mrudipo nyumbani, kabla ya mwezi huu kwisha, kila kamati ikae na kuandika orodha fupi: visima vyetu, matangi yetu na machujio yetu, nani alivitengeneza, kibali chake ni namba gani, maji yalipimwa lini kwa mara ya mwisho. Palipo na nafasi tupu katika orodha hiyo, hapo ndipo pa kuanzia. Nakala moja ikae kwa mwenyekiti wa LC, nyingine iletwe kwa afisa wa uhusiano wa jamii katika kituo chenu cha polisi.

Mulago itaendelea kuwapokea wagonjwa wetu, na madaktari wake wataendelea kukesha. Kazi yetu ni kuwapunguzia wale ambao hawakupaswa kufika hapa kamwe.

 Kwa Mungu na nchi yangu.